Ya Mvua au ya Jua

"Hii ni ya mvua au ya jua?"

Niliulizwa hivyo na mtu aliyeshika sinia la glasi, asubuhi, mbele ya wanaume wanne waliovaa tai. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya chakula, cheti cha kuonja mvinyo nilichokipata ng'ambo kwa miezi mitatu, na kalamu mbili mfukoni. Jibu sikuwa nalo.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaopita kwenye hoteli za Dodoma kuwashauri wageni wanywe nini wakila nini, mmeniomba niwaandikie siri za kazi. Hakuna siri. Kuna adabu chache za pua na ulimi, nitawapa bure. Halafu kuna swali hilo hapo juu, ambalo limenigharimu zaidi ya cheti.

Adabu kwanza. Asubuhi ya kuonja usijipake manukato, usitafune bigijii wala karafuu, na kitunguu kibichi kiache tangu jana yake. Onja kabla ya chakula cha mchana, tumbo likiwa na njaa kidogo. Tema. Narudia: tema. Nimewaona vijana wakimeza kwa heshima ya mwenye chupa, na kufika glasi ya saba kila mvinyo ni mzuri na mwenye chupa ni ndugu yao. Kati ya glasi na glasi tafuna kipande cha kiazi kilichochemshwa bila chumvi. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Pua inarudi nyumbani, inapumzika, inaanza upya.

Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Ulizeni: chumba cha nani? Chumba cha Dodoma mwezi wa kumi na moja si chumba cha aliyeandika kitabu. Zungushia chupa gunia lililolowa maji, isimamishe kivulini mahali upepo unapopita, nusu saa tu. Mvinyo mwekundu wa sehemu za baridi za Australia, wa milimani au wa kusini kabisa karibu na bahari, unataka ubaridi huo zaidi ya wenzake, maana zabibu zake zimeiva polepole na uchachu wake ndio uhai wake. Ukiuacha upate joto, unabaki na ukali wa pombe mbele na ukakasi kama wa kamba nyuma.

La gunia sikulipata kwenye kitabu. Nilifundishwa na Mzee Salumu, ambaye hakuwahi kunywa mvinyo hata tone moja.

Mzee Salumu alikuwa msimamizi wa ghala la mapipa kwenye kiwanda cha mvinyo nilikoanzia kazi, hapo Dodoma. Babu yake alifika Dodoma na misafara ya biashara, akaoa, akabaki, na ukoo ukawa wa mjini, wa duka na msikiti. Mjukuu akaishia kwenye mvinyo. Watu walimsema sana. Mimi pia, msomi mwenye mdomo, nilimwuliza wiki ya kwanza anajisikiaje kulinda kitu ambacho dini yake inakikataza. Akanijibu bila kukasirika, "Hilo ataniuliza Mungu, mwanangu. Wewe niulize habari za mapipa."

Mvinyo alikuwa anaunusa tu. Anauzungusha kwenye glasi, anaweka pua, anafumba macho, anasema. Hakuwa na maneno ya vitabu. Alisema huu una ubuyu, huu una ukwaju wa jana, huu una kwapa la ng'ombe, huu pipa lake halikukauka. Meneja alimwogopa kidogo, kama watu wanavyomwogopa fundi asiye na cheti.

Chuoni mimi waliniita Kwa Nini. Nilihoji dini, nilihoji ndoa, nilihoji kwa nini nyama ya bwenini inapungua ukubwa siku ya Jumapili. Nilipofika kiwandani nikahoji kila alichofanya Mzee Salumu. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji maishani mwangu mpaka hapo: karatasi iliyoandikwa Kiingereza.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Duka ambalo zamani lilikuwa na chumvi na viberiti sasa lilikuwa na jibini ya kigeni. Mvinyo wa nje ukaingia kwa makontena, na kiwanda chetu, ambacho mashine zake nusu zilikuwa zimesimama, kikawa wakala wa kuuza mvinyo wa Australia huku kikisubiri mwekezaji. Kazi yangu ikawa kuonja hizo chupa za wageni na kuzipendekeza kwa mahoteli. Hapo ndipo nilipojifunza habari za mizabibu mizee. Huko Australia kuna mizabibu iliyopandwa na mababu wa mababu, mashina yake yamejikunja kama mizizi, inazaa vichala vichache na vidogo, na mvinyo wake una uzito ambao mzabibu mchanga hauwezi kuuiga. Kwenye chupa wanaandika umri wa shamba kwa herufi kubwa, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Nikataka na sisi tuandike hivyo.

Mapipa yetu wakati huo yalikuwa na chaki. Kila pipa Mzee Salumu alikuwa amelichora kwa mkono: alama ya shamba, na chini yake duara au vistari vitatu vinavyoshuka. Nilimwuliza anachora ili iweje.

"Ili nijue."

"Ujue nini?"

"Kilichomo."

"Si kuna daftari?"

"Daftari liko ofisini," alisema. "Mimi niko hapa."

Duara ni jua, vistari ni mvua. Hilo alinieleza, nami nilikuwa nalijua kabla hajafungua mdomo, maana nani asiyelijua Dodoma? Huko kwenye baridi mzabibu unalala. Majani yanapukutika yote, unaamka, unavunwa mara moja, kwa hiyo ukiandika mwaka umemaliza. Kwetu mzabibu haulali. Unapogolewa, unachipua, unavunwa, unapogolewa tena. Zabibu za kiangazi, za Agosti na Septemba, ni ndogo, ngozi nene, sukari imejaa. Zabibu za Februari na Machi zinakunywa mvua hadi zinapasuka. Zinachumwa mbiombio kabla ukungu haujazimaliza, na mvinyo wake ni mwembamba, wa kuchanganyia. Mwaka ni mmoja, shamba ni moja, ila ni vitu viwili.

Nilijua yote hayo, na bado nilichapa lebo zenye jina la shamba, umri wa mizabibu, na mwaka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nikambandikia Mzee Salumu mapipa yake, kisha nikamwambia machoro yafutwe, wageni wanakuja, yanatutia aibu.

Hakubishana. Alichovya kitambaa kwenye ndoo akaanza pipa la kwanza mlangoni. "Sawa, mwanangu," alisema. "Ila nikishafuta, usije ukaniuliza."

Tangu siku hiyo alitembea na kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, hakitumii.

Sasa niwaambie habari za Mkonze. Kulikuwa na mama mmoja huko, mkulima wa Kigogo, tulimwita Mama Yeremia kwa jina la mwanawe wa kwanza. Shamba lake la zabibu lilipandwa na baba mkwe wake kwa vipandikizi alivyopewa na mapadri, zamani kabla ya uhuru. Mashina yalikuwa mazito kama paja la mwanamume, yamejisimamia yenyewe bila nguzo wala waya. Kila msimu alileta zabibu zake kiwandani kwa mkokoteni wa punda. Zilikuwa chache. Lakini shamba lile ndilo lililomsomesha Yeremia na wadogo zake, na mnunuzi lilikuwa naye mmoja, sisi. Mahindi yakikosa mnunuzi leo, kesho utayapeleka sokoni Kibaigwa. Zabibu ikikosa mnunuzi leo, kesho ni siki.

Mwekezaji akataka ripoti: zabibu za nani ziendelee kununuliwa, na za nani ziachwe. Meneja akaamua iwe kwa kuonja bila kujua, chupa zimefungwa magazeti, glasi zimeandikwa namba na umri wa mizabibu tu. Sita zote: tatu za mashamba yetu, tatu za Australia ili tujilinganishe. Kamati ilikuwa meneja, wanaume wawili wa mwekezaji, mwuzaji mmoja Mwaustralia aliyekuja na chupa zake, na mimi. Mzee Salumu hakuwekwa. Kanuni ya kamati ilisema mwonjaji lazima aonje kwa ulimi. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Sampuli za mashamba yetu nilizichota mwenyewe. Mvinyo wa Mama Yeremia ulikuwa kwenye mapipa mawili, yote yana lebo yangu nzuri: Mkonze, mizabibu mizee, mwaka uleule. Nilichota la karibu na mlango. Nimejiuliza miaka yote kwa nini lile, na jibu ni kwamba lilikuwa karibu na mlango. Daftari lenye tarehe za mavuno lilikuwa ofisini, hatua thelathini.

Glasi ya pili ilitoka sehemu ya baridi ya Australia, nikaandika uchachu safi, wa kuamsha. Ya tano ilikuwa ya mizabibu mizee ya huko, nikaipa alama ya juu kuliko zote, nikaandika kwamba hapa uzee ni heshima. Ya nne ilikuwa majimaji, chachu, ina harufu ya jani lililolowa. Nikaandika: "Mizabibu imechoka. Uzee umeipita." Sentensi zote mbili, ya kuusifu uzee na ya kuulaumu, ziko kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko mmoja.

Meneja alipofungua magazeti na kusoma majina, nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu wa haki, nisiyependelea cha nyumbani.

Mzee Salumu akaja na sinia kukusanya glasi. Alipofika ya nne akasimama. Akaiinua, akaweka pua, akafumba macho. Kisha akaniuliza mimi, si mwingine, kwa sauti ya kawaida, "Hii ni ya mvua au ya jua?"

"Ya mwaka jana, Mzee," nikasema.

Meneja akacheka, wale wawili wakacheka. Mwaustralia peke yake hakucheka kwa sababu hakuelewa. Akaniinamia akaniuliza mzee anasemaje. Nikamwambia anauliza kama aondoe glasi.

Mgeni akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akamwambia Mzee Salumu asante. Kiingereza Mzee Salumu hakukijua, lakini alijua swali lake mwenyewe lilikuwa na urefu gani na lilibeba nini, na kwamba halijibiwi kwa asante. Alinitazama. Akaondoa glasi.

Mama Yeremia aliandikiwa barua. Barua ilikuwa ya meneja, ila ndani yake waliipachika sentensi yangu nzima, mizabibu imechoka. Nadhani haikuwa imemfikia bado, au ilimfikia bila kusomewa. Agosti akaja na mkokoteni kama kawaida yake, mlinzi akamrudisha getini. Mimi siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa kwenye hoteli moja mjini nikiwafundisha wahudumu kupendekeza mvinyo wa Australia.

Niwachekeshe kidogo hapa, maana kisa hiki kilinichekesha hata mimi, baadaye. Nilikuwa nimewaandikia ubaoni: cheri nyeusi, raspiberi, mwerezi, tumbaku. Mhudumu mmoja, Onesmo, akanyoosha mkono.

"Dada, cheri ni nini?"

"Ni tunda."

"Lina ladha gani?"

"Kama huu mvinyo."

"Wewe umewahi kulila?"

Nikasema hapana. Darasa likaangua kicheko. Onesmo akaonja tena, akasema kwake yeye ile ni zambarau iliyookotwa chini ya mti baada ya mbuzi kuipita. Na ndivyo ilivyokuwa, hasa. Tangu hapo niliacha cheri. Mgeni akikuuliza, mwambie kwa tunda alilokula yeye au ulilokula wewe. Usimwambie kwa tunda la karatasi. Mvinyo wa mizabibu mizee mpe anayekula mbuzi wa kuchoma, na usimpe pilipili nyingi pembeni, pilipili inaufanya uungue mdomoni. Mweupe wa sehemu za baridi mpe mwenye kuku wa kienyeji wa kuchemsha na ndimu. Akikataa, muache, mdomo ni wake.

Ilipita karibu miezi sita baada ya ripoti. Kiwanda kilikuwa kinahamishia mvinyo wa zamani kwenye matangi ili uuzwe kwa jumla, nami nikapewa kupita pipa kwa pipa kuona kama kuna lililogeuka siki. Nilifika pipa la mbali, la ndani kabisa. Mkonze, mizabibu mizee, mwaka uleule. Nikachota kidogo.

Wanaojua kazi hii wanajua kinachotokea. Kwanza unachota tena. Mvinyo ule ulikuwa na ubuyu ulioiva, na udongo dakika ya kwanza mvua inapougusa, na kitu cha chini kabisa, kizito, kilichobaki mdomoni baada ya kutema mpaka nikahesabu hatua za kutoka ghalani. Glasi ya tano, ile niliyoipa heshima, isingesimama kando yake.

Nikaenda nayo kwa Mzee Salumu. Alikuwa anakunja koti lake kwenye mfuko wa plastiki. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa kazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamnyooshea glasi. Akanusa.

"Nilikwambia usije ukaniuliza," alisema. "Basi, kwa kuwa umekuja. Ya jua. Ya yule mama."

Nikamwuliza kwa nini siku ile mezani hakusema. Sauti yangu ilikuwa ya kulaumu, nakumbuka, kama yeye ndiye aliyekosa.

"Nilisema," akajibu. "Wewe ndiye uliyetafsiri."

Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akakiweka juu ya pipa, akaondoka. Hatukuagana vizuri. Niliambiwa miaka mingi baadaye kwamba alifungua kibanda cha kuuza tende na ubani karibu na msikiti, na kwamba ubani wake ulikuwa hauna mfano. Sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi.

Mkonze nilikwenda, kesho yake. Nilipanga njiani nitakavyosema: kosa la kiufundi, ripoti ya nyongeza, nitazungumza na mwekezaji. Nilifika nikakuta alizeti. Mizabibu ilikuwa imeng'olewa yote, visiki vimepangwa ukutani kwa nyumba kama kuni, vingine vinene hata shoka halijaviweza. Mama Yeremia alikuwa ameketi jikoni nje, anachoma mahindi kwa kisiki kimoja.

"Mbukwenyi," nilimsalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza.

Akaitikia, akanipa kigoda, akanipa hindi. Hakuonekana mtu mwenye kinyongo, na hilo ndilo lililonishinda. Alisema vijana wa jirani walimsaidia kung'oa, siku nne, mizizi ilikuwa imekwenda chini mno. Akaniambia moto wa mzabibu ni mkali, haukupi moshi, angejua mapema asingehangaika na kuni miaka yote ile. Akacheka mwenyewe.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe si unafanya kazi humo? Walioonja wakasema zabibu zangu zimechoka, ni akina nani?"

"Kamati," nikasema.

"Kamati," akarudia, kama mtu anayejaribu jina la mgeni. Akageuza hindi. "Haya. Kula, litapoa."

Nikala. Mkiniuliza mvinyo gani bora niliowahi kuonja, nitawatajia. Mkiniuliza chakula gani kibaya, ni hindi lile, na lilikuwa tamu.

Sikumwambia. Sikumwambia siku ile, wala baadaye. Meneja nilimwambia, akasema mwekezaji ameshasaini, na kisiki hakipandwi. Mvinyo wa pipa la mbali ukamwagwa kwenye tangi pamoja na wa pipa la mlangoni na wa mashamba mengine, ukauzwa kwenye madumu. Nadhani ulinywewa kwenye harusi. Mimi nilipandishwa cheo. Nikaendelea kupendekeza mvinyo wa Australia kwa mahoteli mpaka nilipostaafu, na niliupendekeza vizuri, kwa haki, na mwingi wake unastahili. Sina ugomvi na mvinyo wenyewe. Haukuniomba nidanganye.

Msije mkanielewa kwamba nasema mzee ana hekima na kijana hana. Wazee wengi niliofanya nao kazi walikuwa wavivu na waongo. Mzee Salumu hakuwa sahihi kwa sababu ya mvi. Alikuwa sahihi kwa sababu alikuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya pipa, nami nikaifuta kabla ya kujiuliza njia yangu ingenijulisha nini. Ningekuwa mbishi kweli, ningebishana na lebo.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, anayesomea kilimo Australia, alipelekwa mafunzo kwenye kiwanda kimoja cha mvinyo huko. Alinitumia video kwa simu, nikiwa nyumbani Nkuhungu, nimevaa miwani. Niliitambua nembo mlangoni kabla hajasema jina: ndio waliotengeneza glasi ya tano, na yule mwuzaji aliyemshukuru Mzee Salumu kwa sababu ya uongo wangu alikuwa mtu wao. Binti akapita na simu katikati ya mapipa. Yote yalikuwa na chaki, machoro ya mkono, duara na mistari na misalaba. Nikampigia kumwuliza ni nini kile. Akaniambia ni alama za wafanyakazi wa ghalani: zabibu za kona gani ya shamba, zilichumwa siku gani, kabla ya mvua au baada ya mvua. Na hazifutwi mpaka pipa liwe tupu.